Mwizi wa Chaki

Mdomo wa Harerimana ulikuwa mweupe tena.

Madamu Asmahani aliuona tangu mlangoni, akajifanya hakuona. Alifungua kabati, akashusha boksi la chaki, akalitikisa. Jana alasiri lilikuwa limejaa pomoni. Leo lililia kama njuga.

Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wake, mwingine hutundikwa ofisini. Lakini mlango wa kabati ulikuwa umepinda kwa chini, ukaacha upenyo. Mkono mwembamba ungepita. Na darasa la pili zima halikuwa na mkono mwembamba kama wa Harerimana.

Mwalimu mkuu, Bi. Esteria, alitokea mlangoni. Alikuwa amejitanda kitenge kipana juu ya gauni lake, ingawa jua lilishakuwa kali.

"Zimepotea tena?"

"Zimepotea, mwalimu mkuu."

"Wazazi wa kijiji hiki cha Murungu wameuza maharage yao kununua chaki hizo. Ijumaa nataka jina. Nitamchapa mstarini mbele ya shule nzima, halafu arudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwao," alisema Bi. Esteria. Akafuta midomo kwa leso, akaondoka polepole, mkono ukutani.

Asmahani aliwageukia watoto. Somo la siku hiyo lilikuwa kutatua matatizo, na tatizo lilikuwa limejileta lenyewe. Aliandika ubaoni: CHAKI ZINAPOTEA.

"Tufanye nini?"

Immakulata hakusubiri kuitwa. "Tumfukuze Harerimana, madamu! Mama yake si Mrundi? Na mdomo huo!"

Darasa likaangua kicheko. "Mla chaki! Mla chaki!"

Asmahani alipiga meza. "Raia mwema hanyooshi kidole kabla hajajua. Kwanza anaangalia. Kisha anajiuliza, huyu aliyefanya hivi, kwa nini amefanya? Halafu anaiondoa hiyo sababu. Ukimwaibisha mtu mbele za watu, sababu inabaki palepale."

Aliyasema vizuri. Vestina, msichana mfupi wa dawati la mbele, alimsikiliza mdomo wazi. Lakini Asmahani mwenyewe, moyoni, kidole alishakinyoosha.

Wakati wa mapumziko alimwita Harerimana nyuma ya darasa.

"Toa ulicho nacho mfukoni."

Mtoto alitoa kitu cheupe, kimeng'atwa pembeni. Asmahani alikipokea kwa ushindi, akakinusa. Ilikuwa kopa, muhogo mkavu.

"Mama ananipa," alisema Harerimana, macho chini. "Uji wa shule sipewi. Hatujachangia."

Asmahani alimrudishia muhogo wake, akaenda ofisini moja kwa moja. Bi. Esteria alimsikiliza akiwa ameketi, sahani ya chakula aliyoletewa ameisukumia mbali.

"Muhogo mweupe, chaki nyeupe," alisema. "Atakuwa anakula vyote viwili. Umenipata? Kama huna jina jingine, ninalo hilo."

Tangu hapo Asmahani hakumwamini mtu. Alimshuku Immakulata, aliyekuwa mwepesi mno kushtaki wenzake. Alimshuku mlinzi. Alilala na ufunguo wake chini ya mto, na bado chaki zilipungua.

Watoto nao wakabadilika. Walijikusanya kwenye kona ya uwanja wakinong'ona, na kila alipokaribia walianza kuimba kwa sauti kubwa mno. Vestina akaomba zamu ya kufagia ofisi ya mwalimu mkuu, tena akaomba na kesho yake. Harerimana aliitwa kwenye kundi lao. Akarudi na uso uliokunjwa kama wa mtu mzima.

"Mnapanga nini?" Asmahani alimuuliza Vestina.

"Tunatatua, madamu."

"Mmeshamjua?"

"Madamu si ulisema tusinyooshe kidole?"

Jibu hilo lilimtia baridi. Aliona wazi: wamekubaliana wamtoe Harerimana, na wamemtisha akubali. Yeye ndiye aliyewafundisha namna ya kukaa na kuamua pamoja.

Ijumaa ngoma ya mstari ikapigwa. Bi. Esteria alisimama mbele na fimbo.

"Harerimana, darasa la pili. Njoo hapa."

Mtoto alitoka. Asmahani alisogea mbele naye. Alikuwa ameamua kusema chaki alizichukua yeye mwenyewe, liwalo na liwe. Kabla hajafungua kinywa, Vestina alinyoosha mkono.

"Mwalimu mkuu, darasa la pili tunaomba tuje ofisini. Tatizo tumelitatua."

"Semeni hapahapa!"

"Hapa hapana, mwalimu mkuu. Tunaomba."

Bi. Esteria alimtazama mtoto yule, akafuta midomo, akatangulia.

Ofisini waliingia Vestina, Harerimana na Asmahani. Harerimana alitoa chini ya sweta lake furushi la jani la mgomba, akaliweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa heshima.

Bi. Esteria alilifungua. Ndani mlikuwa na mabonge ya rangi ya kijivu, makavu, yenye harufu ya mvua ya kwanza. Fimbo ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, wala hakuinama kuiokota.

"Ni nini hicho?" Asmahani aliuliza.

"Udongo wa kula, madamu," alisema Vestina, lakini macho yake yalikuwa kwa Bi. Esteria, na sauti aliishusha ili wa nje wasisikie. "Mama ndiye anayewauzia wajawazito wote wa hapa. Anasema ukiendelea na chaki, mwalimu mkuu, mtoto atazaliwa amekauka."