Mlinzi wa Jumatano

Mama mkwe aliburuta kiti mpaka mlangoni mwa maktaba, akakitua katikati ya njia, akakaa. Yeyote wa kuingia au kutoka ingembidi apite ubavu ubavu kama kaa.

"Nenda kaone hilo jengo lako," alisema, fimbo imelala mapajani. "Mimi niko hapa hapa. Sibanduki."

"Sawa, Mama," mshonaji alijibu, akaungana na wageni wanne waliokuwa wakimsubiri mkutubi.

Ushonaji wenyewe ulibaki jina tu. Tangu aolewe, mwaka wa nne sasa, cherehani yake ilifungiwa stoo. Simu yake ilikaa mfukoni mwa mume, pamoja na ufunguo wa geti. Mahali pekee alipofika ni hapa, maktaba kongwe ya mtaa, Jumatano kwa Jumatano, saa moja tu. Hata ruhusa hiyo ilipatikana baada ya mama mkwe kumwambia mwanawe mezani, "Mwache aende. Nitamsindikiza mwenyewe."

"Ukimpoteza, Mama," mume alijibu bila kuinua kichwa, "usirudi humu ndani."

Mkutubi, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alianza ziara. Aliwaonyesha kuta za mawe, nene kiasi cha mtu mzima kujilaza dirishani. Aliwaonyesha rafu zilizobonyea katikati kwa uzito wa miaka. Kwenye meza moja kulining'inia mnyororo mfupi.

"Kamusi ilifungwa hapa isiibiwe," alisema. "Ukitaka kuisoma, unaifuata ilipo."

Wageni wakacheka. Mshonaji aliutazama mnyororo, akaugusa kwa kidole.

Wiki tatu nyuma, mkutubi huyu alikuwa akigonga muhuri kwenye kitabu chake, akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi: "Mlango wa ghala hauonekani kutoka mlango wa mbele. Siku ya ziara, teksi itakuwa nyuma."

Mshonaji alipigwa na butwaa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na yeye hakuwa amemwambia mtu kuwa anawaza kutoroka, hata ukuta. Alijisemea labda uso wake umeanza kusema wenyewe.

Sasa walipanda ngazi ya chuma inayojizungusha, mmoja nyuma ya mwingine. Juu, aliinama kwenye ukingo kuchungulia mlangoni.

Kiti kilikuwa kitupu.

Ofisi ya mume ilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano, hata kwa magoti ya mama mkwe. Amehisi jambo. Amekwenda kumwita mwanawe.

Alimsogelea mkutubi. "Ameondoka mlangoni," alinong'ona. "Tumekwisha."

"Nimeona," mkutubi alisema, kisha akawageukia wageni. "Ile dari mnayoiona ni mbao tupu, haina msumari hata mmoja."

Akaeleza habari za dari. Akaeleza habari za saa ya ukutani iliyogoma kabla yeye hajazaliwa. Mshonaji alisikia kila hatua iliyokanyagwa sakafu ya chini, na kila hatua ilikuwa ya mumewe.

Hatimaye mkutubi aliwaacha wageni wakibishana mbele ya ramani ya zamani ya mtaa. Akamshika mshonaji mkono, wakashuka kwa ngazi ya nyuma, wakapita katikati ya marundo ya magazeti mpaka kwenye mlango mfupi wa mbao. Komeo lilishika kutu. Walilivuta wote wawili, likagoma. Wakalivuta tena, likaachia kwa kishindo kilichowafanya wabane pumzi.

Hakuna aliyekuja.

"Nenda," mkutubi alisema. "Usigeuke nyuma."

Uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua. Teksi ilisimama hatua kumi mbele, inanguruma. Alikimbia akiwa ameshika viatu mkononi, akaufungua mlango wa nyuma kwa nguvu.

Mama mkwe alikuwa ameketi ndani.

Mshonaji alivikumbatia viatu vyake kifuani. Alitaka kurudi mbio. Alitaka kuomba radhi.

Mama mkwe alijisogeza, akalivuta begi lake la nguo kumpisha.

"Ingia haraka, mwanangu," alisema. "Tangu hujaolewa namngoja wa kutoroka naye."