Tone Kwenye Jina la Kaka

Tone la maji lilizama papo hapo kwenye barua, na fundi wa kujalidi vitabu akabana pumzi.

Matone mengine aliyoyajaribu kwenye barua ile, kuona kama ingestahimili gundi ya maji, yalikuwa yamesimama kama shanga. Karatasi nzuri hutiwa gundi kiwandani ili isinywe maji. Hunywa pale tu ngozi yake ilipokwanguliwa.

Hili lilizama kwenye jina la kaka yake.

Barua ilikuwa ya marehemu baba, ikieleza nyumba apewe nani. Mama ndiye aliyeileta, akaomba ibandikwe karatasi nyembamba kwa nyuma isichanike, maana kesho ingesomwa mbele ya ukoo.

Fundi aliiinua dirishani. Chini ya wino wa jina la kaka, kalamu ya baba ilikuwa imeacha mfereji mwembamba. Aliufuata herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la fundi mwenyewe.

"Mama, ulitumia wembe?"

Mama alikuwa ameketi, mkoba magotini. Hakukana.

"Kaka yako ana watoto wanne na hana kazi. Wewe mikono yako inakulisha."

"Si ungeniomba tu."

"Ungekubali?"

Fundi aliiinamia barua. Pale kwenye karatasi, maji yalikuwa yameanza kutambaa, yakivuta wino mpya nyuzinyuzi kama mizizi.

"Likaushe, mwanangu," mama alisema taratibu. "Tafadhali."

Fundi alichukua kitambaa. Akakishika tu mkononi, mpaka jina zima likawa doa.