Vidole vya Mishi

Siku hizi mtoto akifa, wazazi hupewa tumbawe lililooteshwa kwa damu yake, walilee nyumbani kwenye tangi la kioo lenye maji ya chumvi. La Mishi wetu lina miaka mitatu. Nikimwita, vidole vidogo hujitokeza kwenye vitundu vya tumbawe, vikanipungia. Mwanangu ananisikia, ndivyo nilivyoamini.

Leo asubuhi, nikisafisha tangi, niliinua lile jiwe ambalo mume wangu hataki liguswe. Chini yake palijaa minyoo, minene, myekundu, imejipenyeza mpaka ndani ya tumbawe. Tumbawe lenyewe lilikuwa limekufa zamani, limebaki jeupe, tupu, kama mfupa ulionyonywa.

"Mishi," nikaita.

Minyoo ikatoa vichwa kwenye vitundu, ikanipungia.

Miaka mitatu naiimbia minyoo!

Nikasikia mlango, nikalirudisha jiwe upesi. Baba Mishi hajalia tangu msiba. Kitu pekee kinachomwamsha kila siku ni tumbawe hili. Nikimwambia, nitamzika na yeye.

"Mama Mishi, mtoto kaamkaje?"

"Kaamka salama. Kaniitikia."

"Alhamdulillahi."

Nikakimbilia jikoni asinione uso. Nilipochungulia, alikuwa ameinama juu ya tangi. Alitoa mfukoni kikaratasi cha dagaa waliopondwa, akainua lile jiwe bila hata kutazama, kama mtu aliyezoea, akanyunyiza chini yake.

"Kuleni," akanong'ona. "Mama yake akimwita, itikeni."