Kanga Mwenye Maswali

Wanyama wa bondeni walichoshwa na njaa ya kila kiangazi, wakamwomba Kindi awafundishe kuweka akiba. Ngedere alikariri kila somo bila kukosea, akapigiwa makofi. Kanga ndiye aliyemchosha mwalimu.

"Mwalimu, mtama niliouweka umeliwa na mchwa."

"Basi uinue juu ya mawe!" Kindi akafoka.

Safari nyingine Kanga akaja tena. "Mwalimu, wifi yangu anautaka mtama wote. Nimjibuje?"

"Mpe kidogo, umwambie uliobaki ni wa watoto! Jamani Kanga, mbona wenzako hawaulizi?"

Darasa zima likacheka.

Kiangazi kilipopamba moto, Ngedere alibisha hodi kwa Kindi. Wanawe walikuwa hawajala tangu jana.

"Wewe tena, uliyejua masomo yote?" Kindi alishangaa. "Kanga ana mtama mpaka leo! Kama ulikwama, mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza nini, Mwalimu," Ngedere akasema, "nami sikuweka hata punje?"

Kindi alishusha pumzi, akamgawia chakula. Kisha akaenda kwa Kanga kumwomba radhi.