Picha za Ghalani

"Nitajie jina moja tu," alisema tajiri, mwenye gazeti, "halafu urudi mezani kwako ukafanye kazi."

Mwandishi aliangalia zulia. Gazeti lenyewe lilikuwa mezani, na ukurasa wa mbele ulionyesha picha za dawa za watoto, zilizokwisha muda wake, zikibandikwa tarehe mpya ndani ya ghala la tajiri huyohuyo. Habari ile mwandishi aliipitisha mwenyewe siku mhariri mkuu alipokuwa kitandani na homa. Leo mhariri amepona. Amesimama kando ya kiti cha tajiri, anajifuta shingo kwa leso.

"Ghalani kwangu haingii mtu ovyo," tajiri akaendelea. "Aliyepiga picha hizi namlisha mimi. Nani?"

"Niliahidi sitamtaja, mzee."

"Uliahidi!" mhariri akadakia. "Mama yako anasafishwa figo kwa bima ya nani? Ya ahadi?"

Maneno yalimchoma. Kila wiki mama alitibiwa kwa kadi ya kazini. Kazi ikiisha, na kadi imeisha. Na anayemkumbusha hayo ndiye aliyemfundisha kazi! Siku ya kwanza kabisa alimketisha, akamwambia, "Binti yangu, mtu akikukabidhi siri yake, nenda nayo kaburini. Ukimtaja, wewe si mwandishi, ni mmbea." Leo hii, jamani, anamkoromea mbele za watu.

Tajiri akashusha pumzi. Hasira ilikuwa imempungua. "Basi, mpe mpaka kesho. Akalale, afikirie. Ana mgonjwa huyu."

"Kesho ya nini, bosi?" mhariri akasema haraka. "Huyu namjua, ana kichwa kigumu. Hatasema. Tumalizane naye leo leo."

"Unaona?" tajiri akamgeukia mwandishi. "Hata mkubwa wako amekuchoka. Mara ya mwisho: nani?"

Mwandishi alimwona mama kwenye kile kitanda cha hospitali, akiuliza watarudi lini tena. Jina moja tu, na yote yangeisha hapo hapo. Akafungua mdomo. Mhariri akakohoa.

"Sitamtaja," mwandishi akasema.

Tajiri akampungia mkono atoke, kama anayefukuza nzi.

Alikusanya kikombe chake, chaja na sweta. Wenzake wote, wale wa kucheka naye kila siku, walizama kwenye kompyuta zao. Hata pole hakupewa. Mhariri akaagizwa amtoe mpaka nje. Pale mlangoni mhariri akapokea kwake kadi ya kazi, akapokea na ya bima, akazitia mfukoni. Kisha akageuka kuhakikisha hakuna mtu nyuma yao.

"Zile picha nilizokutumia," akanong'ona, "umeshazifuta?"