Harufu ya Shemeji

"Huyo mtu ameoza angali hai," nahodha alisema, leso puani. "Ama ashuke yeye, ama nishuke mimi."

Mpishi aliendelea kumenya viazi. Mtu anayesemwa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na ndiye aliyemtafutia kazi hii ya kuvuka bahari kwa mashua ya matanga. Walikuwa wanne tu: nahodha na kijichumba chake nyuma, kisha mpishi, fundi wa matanga na shemeji, waliobanana mbele.

Harufu ilianza katikati ya safari. Haikuwa ya jasho. Ilikuwa na utamu fulani, kama nyama iliyosahaulika kwenye sufuria, na iling'ang'ania kooni hata ukimeza mate. Shemeji alikuwa akijipaka mafuta ya samaki magotini, basi hakuna aliyeuliza zaidi. Fundi alihamishia godoro lake nje. Mpishi alikula amewapa wenzake mgongo.

Walipofika kisiwani kuchukua maji, walifunga kamba gatini. Fundi na mpishi walimpeleka shemeji kwenye bafu za bandarini wakamsimamia kama mtoto. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikachubuka. Chupa ya mafuta akaitupa mwenyewe mbele yao.

"Nahodha yeye haogi?" aliuliza akicheka.

"Ameshikwa na ramani zake," fundi alijibu.

Waliporudi chomboni, nahodha aliziba pua tena. "Bado. Imeingia kwenye damu yake."

Mpishi alinusa. Kweli, ilikuwapo.

Kesho yake shemeji alikwenda sokoni kununua ndimu. Nahodha akasema, "Fungueni kamba."

Fundi alimgeukia mpishi. "Ni mtu wenu. Sema neno."

Mpishi alikuna shingo. "Begi lake tumwachie hapo gatini."

Walikuwa wameshaachana na gati shemeji alipotokea mbio, ndimu zimejaa kifuani mwa shati, akipunga mkono na kucheka, akidhani anataniwa. "Jamani! Jamani, mimi bado!"

Mpishi aliingia jikoni, akafungulia redio hadi mwisho.

Mchana kutwa alikisugua kitanda cha shemeji kwa dawa ya choo, na godoro akalitupa baharini. Walipokula jioni walikaa uso kwa uso. Fundi akatoa kichekesho, wakacheka. Dada ataambiwa mumewe alipapenda kisiwani, mpishi aliwaza. Upepo uliwasukuma kwa nguvu kutoka nyuma. Hata wangetaka kurudi, wasingeweza.

Asubuhi aliamka na ladha ile ile kooni.

"Panya amefia humu," fundi alisema. Waling'oa mbao za sakafu, wakakomba maji machafu ya chini, wakapiga magoti na kunusa kila pembe kama mbwa. Hawakupata hata unyoya.

"Mpishi," nahodha aliita kutoka chumbani kwake. Sauti ilikuwa ndogo.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, uso unachuruzika jasho, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

"Funga mlango," nahodha alisema. "Halafu nisaidie kuvua buti."

Lilikuwa limekaza. Mpishi alilishika kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, akavuta. Lilitoka pamoja na soksi, na ndani ya soksi vilibaki vidole viwili.