Kadi Moja Nyumbani

Siku hizo kila mtu alipandikizwa kadi ya mtandao begani mara tu alipozaliwa, na kompyuta ya nyumbani ilizitambua kadi za wakazi wote. Raya alikuwa akiweka mfumo mpya kwenye kompyuta yao. Mumewe Khatibu, aliyerejea juzi kutoka safari ya miezi minne, alikaa karibu naye akimenya muhogo.

Kwenye skrini kukatokea maandishi: "Kadi iliyopatikana ni moja: Raya."

"Yako haionekani," alisema Raya.

"Tafuta tena, mke wangu."

Alitafuta mara tatu, ikabaki moja. Akampapasa mumewe begani. Lile kovu la kadi halikuwepo.

"Endelea tu," Khatibu alisema kwa upole.

Mfumo ukauliza: "Mkazi ni mmoja?"

Raya akabonyeza "Ndiyo." Kisha, akijitahidi sauti isitetemeke, akamwomba kisu amsaidie kumenya.